Mafundo ya Nyasi Mlangoni

Harufu ya nyasi zilizokaangwa na jua hunipata popote nilipo, wala haibishi hodi. Juzi ilinikuta barabarani, nimesimama nyuma ya mtu wa baiskeli aliyebeba mzigo wa majani ya ng'ombe, mkubwa hata yeye mwenyewe haonekani. Taa zikaruhusu, magari yakanipigia honi, mimi nimesimama tu, nimefumba macho. Nilikuwa nimeshafika Kasulu. Nina miaka tisa hivi, kisogo kinaniwaka, na mbele yangu kuna visigino viwili vyeupe kwa vumbi vinapanda kilima bila kupumzika. Visigino vile ni vya Goreth.

Sisi hatukuwa watu wa kule. Baba alikuwa mwalimu, mzaliwa wa Kilwa, na mama alikuwa muuguzi. Serikali iliwapangia Kasulu, wakafunga mizigo, wakaenda, kama ilivyo kawaida ya watumishi. Miezi ya kwanza mama alilala na sweta, akisema hii si baridi, ni adhabu. Maharage yaliyopikwa kwa mawese aliyatazama kwa mashaka kama dawa asiyoijua, na kabla mwaka haujaisha yeye ndiye aliyekuwa akigombana na wauza mawese sokoni kwamba wamechanganya na maji. Baba hakubadilika. Alivaa kikoi chake asubuhi zenye ukungu, akatetemeka kwa heshima, na jioni akatusimulia habari za magofu.

Kila baba ana kitu anachojivunia kupita kiasi. Wengine hujivunia ng'ombe, wengine watoto. Baba yangu alijivunia magofu. Kwao Kilwa kuna majumba ya mawe yasiyo na mapaa, na yeye aliyasimulia kana kwamba ni marehemu babu yake aliyeyajenga, mwezi uliopita, kwa mikono yake. Alinifundisha kwamba gofu ni nyumba iliyoachwa na watu miaka mia na mia mingine juu yake. Nilipomuuliza kama na Waha, wenyeji wa Kasulu, walikuwa na wafalme, akasema walikuwa nao, tena walikaa juu ya vilima. Basi magofu yao yako wapi? Akasema wale walijenga kwa miti na nyasi, mwanangu, mvua imeshakula. Jibu hilo sikulipenda hata kidogo. Niliona haiwezekani nchi yenye vilima vingi namna ile ikose gofu hata moja la kunipa mimi.

Goreth alikaa nyuma ya nyumba yetu. Alinizidi kidogo kwa umri na sana kwa akili. Aliishi na mama yake kwa bibi mmoja, shangazi wa mama yake, aliyekuwa ameolewa na Mha pale Kasulu tangu ujana. Mama Goreth alilima vibarua katika mashamba ya watu, akaondoka alfajiri na kurudi jioni, mwanamke mrefu, mkimya, anayecheka kwa macho tu. Mtaani ilijulikana kwamba wao walitoka kule, na watu walipotamka "kule" walielekeza kidevu upande wa vilima na kubadilisha mazungumzo. Mimi sikuwa na habari na kule ni wapi. Kwangu Goreth alikuwa msichana anayeweza kubeba ndoo kichwani bila kuishika huku akimenya ndizi.

Siku moja tukiwa bombani nilikuwa namringia kwa magofu ya Kilwa, ambayo niliyaona mara moja tu nikiwa mdogo, mgongoni mwa mama. Nikamweleza kuta zisizo na mapaa, miti iliyoota vyumbani, mijusi inayolala kitandani kwa sultani. Akanisikiliza mpaka mwisho, ndoo imetulia kichwani.

"Hayo na mimi ninayo," akasema.

"Unayo nini?"

"Nyumba isiyo na paa. Miti imo chumbani. Na mijusi imo."

"Muongo wewe! Wapi?"

Akaelekeza kidevu. "Kule juu. Twende kesho, sha, rafiki yangu. Peke yangu naogopa nyani."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, mwisho wa kiangazi, zile siku ambazo hata kuku hutembea midomo wazi. Mama alikuwa zamu. Baba alikuwa amezama katika kusahihisha mitihani, na nilipomwambia naenda na Goreth kuona magofu alijibu bila kuinua kichwa, "Haya, msalimieni sultani." Goreth alikuwa amebeba viazi vya kuchemsha ndani ya kitambaa na chupa ya maji. Alikuwa pia amevaa gauni lake la kanisani, la rangi ya samawati, na nywele amezisuka upya. Nilidhani amejipamba kwa ajili ya sultani.

Tulipanda. Sijui tulipanda muda gani, maana mtoto akichoka saa zake hurefuka. Nakumbuka mbingu haikuwa ya buluu, ilikuwa nyeupe kwa moshi wa mioto ya mbali, na jua lilikaa katikati yake limefifia kingo lakini lina hasira ile ile. Upande mmoja wa kilima ulikuwa umeungua, mweusi, na upande wetu nyasi zilisimama hadi mabegani, za rangi ya mkate, zinachomachoma na kunukia. Nyenje walipiga kelele mpaka nikaona kelele ile ndiyo joto lenyewe. Goreth alijua kila mti. Chini ya mkusu mmoja aliokota matunda ya kwanza kuiva, akayapasua kwa meno, akanipa nyama yake ya njano yenye utamu unaofanana na asali iliyosahaulika juani. Nilipolalamika miguu akasema, "Mwanaidi, wewe miguu yako ni ya ofisini," na akacheka, na mimi nikacheka, tukapanda.

Juu palikuwa tambarare, na pale tambarare kulikuwa na mji.

Sina namna nyingine ya kuueleza. Kuta za udongo zilikwenda mistari kwa mistari, nyingine zimenifika kiunoni, nyingine kifuani, pembe zake zimelainika kama sabuni iliyolala majini. Ukisimama mlangoni unaona mlango mwingine, na ndani ya huo mwingine tena, na mwishoni kabisa kipande cha mbingu. Nyasi zilikuwa zimekaa vyumbani kama wenye nyumba. Mijusi ilikuwapo, tena mingi, ya shingo ya buluu. Hapakuwa na sauti isipokuwa upepo uliokuwa ukiingia nyumba moja na kutokea nyingine. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na nikamwonea baba huruma, kwa sababu magofu yake yote ya Kilwa yangeenea katika pembe moja ya haya ya kwangu.

Nikapita nyumba hadi nyumba nikipiga hodi kila mlango, kama nilivyofundishwa kwetu. Goreth alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaanza kutembea mbele yangu, si kama mtu anayetazama magofu, bali kama mtu aliyetumwa chumvi.

"Hapa alikaa Mama Divine," akasema, kidevu kikielekeza. "Hapa fundi cherehani. Pale ni kanisa. Usipite hapo, hapo palikuwa choo."

Nilisimama. Jua lile lote likaniruka, nikahisi baridi.

"Umejuaje?"

"Nilizaliwa hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa hapa. Kwenye magofu yako."

Sasa, mtoto hana kosa akifuata hesabu aliyofundishwa. Gofu ni nyumba iliyoachwa miaka mia na mia mingine juu yake: hilo alisema baba, na baba alikuwa mwalimu. Goreth alizaliwa kabla nyumba hizi hazijawa magofu: hilo alisema mwenyewe, na Goreth hakuwa muongo. Kwa hiyo Goreth alikuwa na umri wa miaka mia kadhaa. Ajabu ni kwamba jambo hili halikunishangaza kwa muda mrefu. Mengi kuhusu Goreth yalikaa sawa ghafla. Ndiyo maana aliweza kuwasha moto kwa kijinga cha jana. Ndiyo maana hakujua tarehe aliyozaliwa, na shuleni mwalimu alimwandikia tu tarehe ya siku aliyoandikishwa. Ndiyo maana maneno yake mengine hayakuwa Kiswahili wala Kiha cha jirani zetu. Nilimtazama visigino vile vilivyopasuka, nikaviheshimu.

"Wafalme uliwaona?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Wafalme gani?"

"Wa hapa. Aliyekuwa mkubwa wa watu."

Akafikiri kwa uaminifu. "Kulikuwa na kiongozi wa mtaa. Alikuwa na koti na filimbi. Akipiga filimbi, watu wote wanapanga foleni."

"Halafu?"

"Halafu wanapewa unga. Na maharage, na mafuta. Bure."

"Kila mtu?"

"Kila mtu. Malori yalijaa."

Malori yalinisumbua. Lakini mfalme mwenye filimbi, anayewagawia watu wote unga bure, alikuwa mzuri kupita sultani yeyote aliyewahi kusimuliwa na baba, na sikuwa tayari kumpoteza kwa sababu ya malori. Hata nilipoona mswaki wa plastiki umejitokeza ukutani, umekwama katika udongo, nilijiambia kwamba kumbe hata watu wa kale walisugua meno.

Nyumba yao ilikuwa karibu na ukingo wa kilima, na ilijulikana kwa mbali. Nguzo ya mlangoni ilikuwa imekatwa kwenye mvumu, mti ambao ukichomeka tawi lake ardhini huota. Watu walipoondoka, paa lilipong'olewa na mlango ulipochukuliwa, ile nguzo ilibaki peke yake, ikachipua, ikawa mti. Nyumba nzima ilikuwa imekufa na nguzo ndiyo hai. Goreth aliacha mzaha. Akaweka chupa chini, akajipangusa uso kwa mate, akanyoosha gauni. Kisha akaanza kuyakagua matawi ya ule mti, moja baada ya jingine, midomo ikimcheza.

Katika matawi yale kulikuwa na mafundo ya nyasi. Mengine yalikuwa ya kijivu, makavu, yanakaribia kudondoka. Mengine yalikuwa bado na rangi. Iliponifikia zamu ya kuuliza alikuwa ameshaanza kurukaruka.

"Amekuja tena! Angalia hili, hili halikuwepo. Amekuja!"

"Nani?"

"Data," akasema, ndivyo kwao wanavyomwita baba.

Ndipo akanieleza, akiwa amekaa juu ya kizingiti, amenishika mkono kwa nguvu. Kwao mtu akija kukutembelea asikukute haondoki kimya. Hukata nyasi, akafunga fundo mlangoni pako, ili ukirudi ujue kwamba mtu alifika, na kwamba yu hai, na kwamba alikutaka wewe. Baba yake alikuwa amekwenda ng'ambo, Burundi, kutazama shamba lao kama bado lipo. Aliwaambia msitoke hapa mpaka nirudi. Halafu kambi ikafungwa, watu wakatolewa wote, huyu huku na yule kule, na wao wakashukia kwa bibi mjini. Sasa baba akirudi atawapata wapi? Goreth alikuwa akitoroka na kupanda huku kila alipoweza, kumfungia fundo. Na mara ya pili tu alipokuja, akakuta fundo jingine pembeni mwa lake.

"Kwa nini usimwandikie ukutani kwamba mko kwa bibi?"

"Data hajui kusoma. Na mvua inafuta."

"Na mama yako anasemaje?"

Akatikisa kichwa haraka. "Mama hataki. Anasema kule kumekwisha, usikanyage, hakuna kitu. Na wewe ukimwambia, nakuua." Halafu uso wake ukalainika tena. "Tunapishana tu, Mwanaidi. Kila mara tunapishana. Leo nitamngoja mpaka jua liingie. Ndiyo maana nimekuja na wewe."

Neno kambi nilikuwa nalijua kuwa ni la askari, nikaliweka pamoja na yule mfalme mwenye filimbi, likakaa vizuri. Ila nilielewa kwamba rafiki yangu anamngoja baba yake, na hilo halikuhitaji hesabu. Kama angekuja leo, Goreth angekuwa na baba. Nilikaa naye kizingitini, nikaanza kumngoja na mimi.

Mchana ule ulikuwa mrefu kuliko michana yote niliyowahi kuishi. Goreth alivunja tawi akafagia chumba, akafagia na uwanja wa mbele mpaka mfagio ukaacha mistari mizuri. Akakusanya mafiga matatu yaliyotawanyika, akayapanga pembeni, yakasubiri chungu kisichokuwapo. Tukala viazi. Kivuli cha ukuta kilikuwa chembamba, tukajibana ndani yake, migongo kwenye udongo wenye joto, na kila jua liliposogea tulisogea. Chini yetu mabonde yalikuwa yakitetemeka kwa joto, na mapaa ya bati ya Kasulu yalimetameta kwa mbali kama maji. Wakati mwingine nilisinzia, na katika usingizi ule paa lilirudi juu ya nyumba, na milango yote ikajaa watu, wanawake wanaita watoto, fundi cherehani anakanyaga cherehani yake. Nikiamka nilikuta nyenje.

"Nitamwambia nimefika darasa la nne," Goreth alikuwa akisema, sijui kwangu au kwa mijusi. "Nitamwambia bibi ana mbuzi wawili. Nitamwambia sasa naweza kupika ugali." Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona ana hofu. "Alipoondoka nilikuwa mdogo. Sasa nimebadilika sana?"

Nikamchunguza. Kwa mtu wa miaka mia kadhaa hakuwa na hata kunyanzi moja.

"Kidogo tu," nikamwambia. "Atakujua."

Jua lilikuwa limeanza kulala upande wa Burundi tuliposikia nyasi zinapasuliwa. Nyani hawatembei hivyo. Ilikuwa miguu ya mtu mmoja, mzito kwa uchovu, anajua njia, hasimami kutazama. Goreth alishika mkono wangu mpaka kucha zikaniingia. Miguu ikafika uwanjani, ikasimama ghafla pale kwenye mistari ya mfagio. Tukasikia mtu anavuta pumzi. Kisha sauti, ndogo, inayoogopa kujisikia yenyewe:

"Salvatori? Ni wewe?"

Na wakati ule ule Goreth alikuwa ameshachomoka mbio, amepita mlangoni, analia kwa furaha, "Data!"

Nilipotoka niliwakuta wamesimama wanatazamana, hatua chache baina yao. Mama Goreth alikuwa na jembe begani. Mkono wake mmoja ulishika tawi la mvumu, na katika vidole kulikuwa na unyasi uliokunjwa nusu, fundo ambalo halijakazwa. Sijawahi tena kuona nyuso mbili zikizima namna ile, pamoja, kama taa mbili za swichi moja.

"Ni wewe," akasema mama.

"Ni wewe," akasema Goreth.

Nilingoja kofi. Mama yangu angeanza na kofi, maelezo baadaye. Mama Goreth alishusha jembe polepole, akalilaza chini kana kwamba limelala usingizi, akaketi juu ya udongo uliofagiwa. Akawa anatazama ile mistari.

"Nimesema nani amefagia," akasema. "Nilipofika pale juu nikaona pamefagiwa. Nikasema Mungu wangu, ni leo."

Goreth hakusogea. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtoto anayejibu swali la hesabu asilotaka jibu lake, "Mama, hili ni lako?" Akawa ameshika fundo lile jipya.

Mama akaliangalia. "Langu."

"Na hili?"

Akaliangalia. "Langu, mwana wanje."

"Na hili? Hili la wakati wa mvua?"

Akainuka kidogo, akaligusa kwa kidole, akaketi tena. "Langu. Nilikuta moja hapa, nikasema amekuja, nikamjibu."

"Lile lilikuwa langu."

"Ego, ndiyo. Naona sasa."

Nilikuwa nimeegemea ukuta, na hata mimi, na hesabu zangu zote za wafalme, nililiona. Mwaka mzima mama na binti waliolala kitanda kimoja walikuwa wakipanda kilima kila mmoja kwa siri, wakiachiana salamu, na kila mmoja akishuka na moyo mwepesi kwa sababu ya mwenzake. Mama alimkataza mtoto asije kule asije akaumia. Mtoto alimficha mama asije akamkasirikia. Na yule waliyekuwa wakimngoja wote wawili hakuwa amefika hata mara moja. Nikaanza kulia. Goreth hakulia. Aliendelea kushika tawi baada ya tawi, anauliza, na mama anatazama, anajibu langu, langu, mpaka matawi ya chini yakaisha.

Likabaki moja juu, limefungwa kwenye shina lenyewe, fundo nene, la kijivu kwa uzee. Goreth alijinyoosha kwa ncha za vidole vya miguu lakini hakulifikia. Akauliza bila kugeuka, mikono bado iko juu.

"Na lile, mama?"

Kwa yale mengine yote Mama Goreth alikuwa amelitazama fundo kwanza, akajibu baadaye. Safari hii hakuinua macho kwenye mti. Alimtazama mwanawe: gauni lile la kanisani, nywele zilizosukwa upya, mikono iliyoinuliwa.

"Hapana," akasema. "Lile si langu."

"Kweli?"

"Si langu mimi. Na wewe hulifikii."

Goreth akasimama vile vile. Kisha nikaona mabega yake yanashuka, pumzi inamtoka, na tabasamu linaanza kuja, dogo, upande mmoja. Akakata unyasi mrefu, akamwomba mama amnyanyue. Mama akamnyanyua, mtoto mkubwa vile, miguu inaning'inia, akamshikilia mpaka akafunga fundo lake pembeni ya lile nene. Tukashuka watatu, giza halijaingia. Goreth alikuwa mbele akiimba wimbo wa kwao, mama nyuma na jembe lake, na mimi katikati, nikijua kwa hakika kwamba Salvatori, baba yake Goreth, ambaye nilikuwa nimeshamfanya mfalme, yu hai na anazunguka.

Nyumbani nilimsimulia baba mji wote, na filimbi, na malori. Alinisikiliza akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Nilitegemea wivu. Badala yake aliweka kalamu chini, akasema magofu yale si ya kale, mwanangu, yale ni ya wakimbizi wa Burundi, ya juzi tu. Mvua chache zinatosha kwa nyumba ya udongo. Nilikasirika naye wiki nzima. Nilimwona ananinyang'anya.

Tulihamishwa baadaye, kama ilivyo kawaida ya watumishi. Mimi na Goreth tulipoteana na kupatikana tena, maana siku hizi simu haimwachi mtu apotee. Yeye yuko Kasulu bado, ana duka la vitenge na watoto wawili. Baba yake hakurudi. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo, mpaka mwezi uliopita, aliponipigia kunieleza kwamba mama yake amezikwa.

Alilia, nikalia naye. Nikamwambia pole, ihangane, maneno ambayo mtu husema. Halafu nikasikia watu wa msibani nyuma yake, masufuria, mtoto anaitwa.

"Mwanaidi," akasema. "Ile siku kule juu. Mimi nilikuwa nimetazama mti, mama yuko nyuma yangu. Wewe ulikuwa umeegemea ukuta, ulikuwa unamwona."

"Ndiyo."

"Lile fundo la juu. Alilitazama kabla ya kunijibu?"

Mtu mzima ana haki ya kuambiwa ukweli, na Goreth alikuwa mtu mzima zamani kuliko mimi. Nilifungua mdomo nikiwa na nia hiyo. Nikamwona mama yake ameketi juu ya udongo uliofagiwa, macho yake hayaendi mtini.

"Alilitazama," nikamwambia. "Alilitazama sana, Goreth, ndipo akajibu."